Afya ya Jamii: Shingo ikiuma kwa mbele, usikimbilie dawa ya mafindofindo

KOO ni kiungo ambacho karibu kila mtu hujifanyia udaktari. Likiwasha kidogo, tunasukutua kwa maji ya chumvi. Likizidi, tunapita kwa kemisti wa mtaani, tunanunua vidonge vya rangi mbili, tunameza vitano sita, na tukipata nafuu vilivyobaki tunavihifadhi kabatini kungojea siku nyingine. Mara nyingi tunapona, si kwa nguvu za vidonge hivyo, bali kwa sababu makoo mengi huuma kutokana na mafua, na mafua hupona yenyewe.

Hata hivyo, kuna maumivu ya shingo yasiyofuata mkondo huo. Hayako ndani ya koo bali kwa nje, upande wa mbele, chini kidogo ya kikoromeo. Ukipabonyeza hapo kwa kidole, unaruka. Ukifunga kifungo cha juu cha shati au ukijitanda mtandio, unahisi kama mtu anakukaba. Kumeza mate ni kazi, na kila ukimeza maumivu yanapanda hadi kwenye taya na sikio. Usiku kuna homa na jasho. Dozi ya kwanza ya antibiotiki inaisha, ya pili inaisha, na hali ni ile ile. Mgonjwa anapimwa malaria, anapimwa homa ya matumbo, anachunguzwa meno na masikio, na kila mahali anaambiwa hakuna kitu.

Wiki hii tutazungumzia tezi inayokaa mahali hapo. Inaitwa tezi ya thairoidi, na wengine huiita tezi dundumio. Tutaeleza kinachoifanya iume, jinsi ya kuyatambua maumivu yake na wakati ambao mtu hapaswi kungoja kumwona daktari. Jambo moja ningependa msomaji alishike tangu sasa: kwa tezi hii, ukali wa maumivu si kipimo cha hatari. Ile inayouma sana mara nyingi ndiyo itakayopona kabisa, na uvimbe usiouma hata kidogo ndio ambao watu hukaa nao miaka na mikaka hadi mambo yaharibike.

Tezi hii ni ipi?

Thairoidi ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Mabawa yake mawili hukaa kulia na kushoto mwa bomba la pumzi, nayo huunganishwa katikati na ukanda mwembamba. Kwa mtu mzima, tezi nzima huwa na uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Kwa kawaida huwezi kuiona. Ikivimba, utaiona ikipanda na kushuka mtu anapomeza, kwa kuwa imeshikana na bomba la pumzi.

Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili. Homoni hizo hutiwa katika damu na kufika kila mahali: moyoni, katika utumbo, kwenye misuli, ngozi na ubongo. Zikizidi, mwili hukimbia kama gari lililokanyagwa mafuta mno. Moyo hudunda, mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu hata kwenye baridi ya mwezi wa Julai, tumbo huendesha, na mgonjwa hukonda ingawa anakula. Zikipungua, mwili huzembea. Mgonjwa huchoka bila sababu, huhisi baridi, hufunga choo, ngozi yake hukauka, huongeza uzito na hedhi yake hubadilika.

Malighafi ya homoni hizo ni iodini, ambayo tunaipata katika chakula. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku. Mama mjamzito anahitaji 250, kwa sababu katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama yake. Udongo wa nyanda za juu, ambako mvua imeosha ardhi kwa karne nyingi, aghalabu huwa na upungufu wa iodini. Ndiyo maana zamani rovu lilikuwa jambo la kawaida katika maeneo mengi ya milimani, huku kwetu na ng'ambo pia. Tangu miaka ya 1970, chumvi ya kula nchini Kenya imekuwa ikitiwa iodini kwa mujibu wa sheria, na hali imekuwa bora sana.

Kinachoifanya iume

Magonjwa mengi ya thairoidi hayaumi. Rovu la kawaida haliumi. Ugonjwa wa Graves, ambao hutoa macho nje na kuufanya moyo uende mbio, kwa kawaida hauumi. Ule wa Hashimoto, ulioelezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, huiharibu tezi polepole, na wagonjwa wengi hawasikii uchungu wowote. Kwa hivyo tezi hii inapouma, orodha ya sababu huwa fupi, na hilo ni jambo la manufaa kwa daktari.

Sababu ya kwanza, na iliyo ya kawaida zaidi, ni tezi kuvimba baada ya ugonjwa wa virusi. Ugonjwa huu hujulikana kwa jina la de Quervain. Fritz de Quervain alikuwa daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1904. Huwapata zaidi wanawake, hasa wenye umri wa miaka 30 hadi 50, ingawa wanaume na vijana pia hawasazwi. Mgonjwa huwa ameugua mafua au kikohozi wiki mbili hadi nane kabla ya hapo, akapona na kusahau. Kisha shingo inaanza. Mara nyingi maumivu huanzia upande mmoja na baada ya siku kadhaa huhamia wa pili. Mwaka 2020, wakati wa janga la Covid-19, madaktari wa Italia waliripoti ugonjwa huu kwa mgonjwa aliyekuwa ametoka kuugua virusi hivyo, na baadaye taarifa kama hiyo zikaja kutoka nchi nyingi.

Sababu ya pili ni damu kuvuja ndani ya uvimbe uliokuwapo. Mtu anaweza kuwa na kinundu au kifuko cha maji ndani ya tezi kwa miaka bila kujua. Siku moja, pengine baada ya kuinua mzigo au kukohoa kwa nguvu, mshipa mdogo unapasuka ndani yake. Shingo huvimba upande mmoja kwa saa chache tu na kuuma vikali. Jambo hili hutisha, lakini kwa kawaida maumivu hupungua kwa siku chache na uvimbe hunywea katika wiki zinazofuata. Hata hivyo ni lazima uchunguzwe, kwani uvimbe ukiwa mkubwa unaweza kulibana bomba la pumzi.

Sababu ya tatu ni usaha ndani ya tezi, unaoletwa na bakteria. Ni nadra, kwa maana tezi hii ina damu nyingi na imezungukwa na utando unaoikinga. Unapotokea, mgonjwa huwa na homa kali, ngozi iliyo juu ya tezi huwa nyekundu na ya moto, na anashindwa hata kugeuza shingo. Huwapata zaidi watoto waliozaliwa na kijitundu kisicho cha kawaida kati ya koo na tezi, na watu ambao kinga yao ya mwili imedhoofika. Hapa antibiotiki ndiyo dawa yenyewe, lakini hutolewa hospitalini kupitia mshipa, na mara nyingine usaha hunyonywa kwa sindano au kwa upasuaji. Haya si maradhi ya kutibiwa kwa kemisti.

Sababu ya nne ni saratani, nayo tuiseme bila kuficha na bila kutiana hofu. Saratani nyingi za thairoidi haziumi. Iko aina moja, iliyo nadra, inayowapata hasa wazee, ambayo hukua kwa kasi ya ajabu kwa muda wa wiki chache na inaweza kuuma na kuikausha sauti. Mzee mwenye uvimbe wa namna hiyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Ugonjwa unaogeuka

Turudi kwa ugonjwa wa de Quervain, kwa sababu ndio unaowahangaisha wengi, na tabia yake ni ya kigeugeu.

Virusi vinapokwisha kuondoka, tezi hubaki imejeruhiwa, na homoni zilizokuwa zimehifadhiwa ndani yake humwagika katika damu zote kwa pamoja. Katika wiki tatu hadi sita za kwanza, mbali na maumivu, mgonjwa hupata dalili za homoni kuzidi: moyo kwenda mbio, kutetemeka, wasiwasi, kukosa usingizi na kukonda. Akiba hiyo inapokwisha, tezi iliyochoka haijaanza kazi, na mgonjwa huingia upande wa pili. Sasa amechoka, anasikia baridi na anaongeza uzito. Hali hiyo inaweza kudumu miezi kadhaa. Mwishowe tezi hupona, na wagonjwa wengi hurudi katika hali yao ya kawaida. Wachache hubaki na upungufu wa homoni wa kudumu, nao huhitaji kumeza kidonge cha homoni kila siku.

Mtu asiyeujua mwenendo huu atadhani ameugua magonjwa matatu tofauti. Mwezi wa kwanza ataambiwa ni mafindofindo, wa pili aambiwe ni msongo wa mawazo, wa nne aambiwe ni uvivu. Kwa mwanafunzi wa chuo anayekaribia mitihani, au kwa mama anayeamka saa kumi kuandaa watoto wa shule, miezi hiyo si mchezo. Ndiyo maana ni muhimu ugonjwa utambuliwe mapema na damu ipimwe tena na tena, kila baada ya wiki chache, mpaka tezi itulie.

Matibabu yake hayana utata mwingi. Antibiotiki hazisaidii, kwa kuwa hapana bakteria wa kuua. Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama vile ibuprofeni au aspirini, huwatosha wengi. Maumivu yakiwa makali, daktari huandika prednisoloni, na mara nyingi mgonjwa hupata nafuu kwa muda wa siku moja au mbili. Nafuu hiyo ya haraka yenyewe humthibitishia daktari kwamba hakukosea. Dawa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa; ikikatwa ghafla maumivu yanaweza kurudi. Moyo ukienda mbio, hutolewa propranololi, ambayo haifai kwa mwenye pumu. Dawa za kuzuia tezi isitengeneze homoni, kama kabimazoli, hazina kazi hapa. Tezi haitengenezi homoni kupita kiasi. Imevujisha tu zile ilizokuwa nazo.

Tahadhari moja: ibuprofeni na aspirini zinaweza kumdhuru mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito. Aspirini isipewe watoto wenye homa. Prednisoloni isinunuliwe bila daktari, maana hupandisha sukari na shinikizo la damu.

Si kila shingo inayouma ni thairoidi

Mafindofindo huumia ndani, nyuma ya ulimi, na ukipanua kinywa mbele ya kioo utaona wekundu au madoa meupe. Mitoki ya shingo huvimba kando kando, chini ya taya, wala haipandi mtu anapomeza. Jino bovu linaweza kuvimbisha shingo. Kiungulia huchoma koo, hasa mtu anapolala baada ya kula. Msuli uliokazika kwa kulala vibaya au kuinamia simu kutwa nzima huuma shingo inapogeuzwa.

Kuna moja ambalo halifai kupuuzwa. Maumivu ya moyo wakati mwingine hujitokeza shingoni na kwenye taya. Mtu mzima ambaye shingo na taya humuuma anapopanda ngazi na kutulia anapopumzika, au ambaye ana maumivu hayo pamoja na kifua kubana, jasho jembamba na pumzi kukatika, asianze kuhangaika na tezi. Akimbizwe hospitalini, moyo wake upimwe.

Uvimbe usiouma

Sasa tuje kwa upande ambao wengi huukosea. Mtu huona kivimbe shingoni, akakibonyeza, akaona hakiumi, akasema, "Kama hakiumi, kina shida gani?" Huvaa sweta yenye shingo ndefu na maisha yakaendelea.

Kwa kweli vivimbe vingi vya thairoidi si saratani. Zaidi ya tisa katika kila kumi ni vya kawaida. Lakini hakuna awezaye kukitofautisha kimoja na kingine kwa kukigusa, wala kwa kuangalia kama kinauma. Kinachohitajika ni picha ya altrasaundi, na pale inapobidi, sindano nyembamba ya kunyonya chembe chache ili zikaangaliwe kwa darubini. Sindano hiyo haihitaji kulazwa. Uzuri ni kwamba saratani nyingi za tezi hii hutibika vizuri sana zikigunduliwa mapema. Mficha maradhi kilio humfichua, na ni huzuni ikiwa maradhi yaliyofichwa yalikuwa ya kutibika.

Uvimbe unatakiwa kuchunguzwa kwa haraka zaidi ikiwa ni mgumu na haisogei, ikiwa unakua, ikiwa mwenye nao ni mtoto, ikiwa katika ukoo kuna mtu aliyepata saratani ya thairoidi, au ikiwa mgonjwa alitibiwa kwa miali shingoni alipokuwa mdogo.

Njia ya kujiangalia ni rahisi. Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, nywa funda la maji, na unapomeza tazama sehemu iliyo kati ya kikoromeo na mfupa wa kifua. Ukiona kitu kinajitokeza upande mmoja au katikati, rudia mara mbili tatu. Kikiendelea kuonekana, mwonyeshe daktari.

Wakati wa kumwona daktari

Kata kipande hiki ukiweke mahali pa kuonekana.

Nenda hospitalini mara moja, hata kama ni usiku, ikiwa:

- unapumua kwa shida, au pumzi inatoa sauti ya mluzi;
- huwezi kumeza hata mate;
- shingo imevimba ghafla na inazidi kuvimba;
- una homa kali na ngozi ya shingo ni nyekundu na ya moto;
- moyo unaenda mbio sana pamoja na homa kali, kutapika au kuchanganyikiwa;
- unatumia kabimazoli, na umepata homa, vidonda vya kinywani au koo kuuma.

Hili la mwisho lieleweke vyema, kwa sababu linaweza kuokoa maisha. Kabimazoli ni dawa nzuri na hutumiwa na wagonjwa wengi wa Graves. Lakini kwa wagonjwa wachache, pungufu ya mmoja katika kila 100, hushusha mno chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa. Hali hii hutokea zaidi katika miezi mitatu ya kwanza. Dalili yake ya kwanza huwa ni koo kuuma na homa. Mgonjwa huyu akinunua dawa ya mafindofindo na kulala nyumbani, anaweza kufa kwa maambukizo madogo tu. Aache kabimazoli, aende hospitalini siku hiyo hiyo, aseme anatumia dawa gani, na apimwe chembe za damu.

Mwone daktari katika siku chache ikiwa:

- shingo inauma kwa mbele na ukiigusa unasikia uchungu, hasa kama uliugua mafua wiki chache zilizopita;
- maumivu ya koo yanapanda hadi sikioni na hayapungui baada ya wiki moja;
- umemaliza dozi ya antibiotiki bila nafuu;
- unakonda, unatetemeka au moyo unadunda;
- sauti imekauka kwa zaidi ya wiki tatu;
- umeona uvimbe wowote shingoni, uwe unauma au hauumi.

Mama mjamzito au aliyejifungua katika mwaka uliopita asingoje. Thairoidi huweza kuvurugika baada ya uzazi, mara nyingi bila maumivu, na uchovu wake hudhaniwa kuwa ni wa kulea tu.

Daktari atakufanyia nini?

Kwanza atakuuliza maswali, kisha atasimama nyuma yako na kuipapasa shingo huku ukimeza maji. Usishtuke, ndiyo njia yenyewe. Halafu ataagiza damu ipimwe. Kipimo kikuu huandikwa TSH. Hicho ni kiwango cha homoni ambayo ubongo hutuma kuiamuru thairoidi ifanye kazi. Homoni za tezi zikizidi, TSH hushuka, na zikipungua, TSH hupanda. Pamoja nacho hupimwa homoni yenyewe, inayoandikwa T4. Kama kuna maumivu, ataongeza kipimo cha ESR, ambacho huonyesha kama kuna uvimbe unaowaka mwilini; katika ugonjwa wa de Quervain huwa juu sana. Altrasaundi itaonyesha kama kuna kinundu, usaha au damu.

Mweleze dawa zote unazotumia, hata zile za urembo. Vidonge vya kukuza nywele na kucha vyenye biotini nyingi vinaweza kupotosha majibu ya maabara, yakaonyesha ugonjwa usiokuwapo au kuficha uliopo. Daktari atakwambia uviache kwa siku kadhaa kabla ya kupimwa. Vilevile yahifadhi majibu yote katika bahasha moja, kwani ugonjwa unaobadilika hueleweka kwa kulinganisha majibu ya leo na ya mwezi uliopita.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, ugonjwa wa de Quervain unaambukiza? Hapana. Mafua yaliyoutangulia huambukiza, lakini tezi inayouma haimwambukizi mtu. Mgonjwa ale na kulala na jamaa zake kama kawaida.

Je, nile chumvi zaidi ili tezi ipone? La. Chumvi ya kawaida iliyotiwa iodini inatosha. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, ili iodini isipotee. Kuzidisha chumvi kutapandisha shinikizo la damu bure. Pia usinunue matone ya iodini wala vidonge vya mwani bila ushauri, kwani iodini ikizidi nayo huivuruga tezi.

Je, kukandwa shingo kunasaidia? Tezi inayouma isikandwe wala kusuguliwa. Kitambaa cha maji baridi chaweza kutuliza. Kuchanjwa kwa wembe juu ya uvimbe, au kukatwa kimeo, hakuponyi thairoidi. Kunaleta damu, usaha na hatari ya pepopunda.

Je, maumivu yatarudi? Kwa wachache hurudi, hasa dawa ikiachwa mapema. Wengi hawayaoni tena.

Basi ikiwa nyumbani kwako yuko mtu anayeshika shingo kwa mkono kila akimeza, na dozi ya pili imeisha bila nafuu, usimnunulie ya tatu. Mpe maji, mwambie ameze mbele yako, utazame mahali pale chini ya kikoromeo, kisha umsindikize kwa daktari na umwambie daktari ulichokiona.

Jumapili ijayo tutazungumzia shinikizo la damu kwa vijana, maradhi ambayo wengi wetu bado tunayadhania kuwa ni ya wazee.